Miezi Mitatu Bila Chambo

15 Machi

Mto Wenlow umefungwa leo. Tangu saa moja asubuhi nimezunguka na nyundo nikigongelea vibao, kutoka darajani hadi kwenye mlango wa maji wa zamani. Ni vibao kumi na kimoja, na vyote vinasema neno lile lile: hadi asubuhi ya tarehe 16 Juni, hakuna chambo cha aina yoyote. Si nyungunyungu, si funza, si mkate, si nyama ya kopo. Samaki wanataga, waachwe. Anayetaka trauti atumie inzi bandia, ndoano iliyovishwa manyoya, na asiyejua kurusha inzi bandia akae nyumbani apake rangi mlango wake.

Mimi ni mlinzi wa mto wa chama chetu cha wavuvi, mwaka wa tisa sasa. Silipwi. Nimepewa beji, daftari la kuandikia makosa, na uadui wa nusu ya mji. Daftari hili ninaloandika sasa si lile la chama. Hili ni langu, la kupunguza hasira kabla ya kulala.

Kibao cha mwisho alinishikia shemeji yangu Lionel Chedzoy, kaka yake Avril mke wangu. Kikamponyoka mara mbili. Nikamwambia uzee umemfikia. Akacheka, akasema, "Wewe gonga tu misumari yako, Trev."

19 Machi

Baridi. Mto mtupu. Raha tupu.

27 Machi

Usiku kucha mvua, na leo maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilifika kwenye mlango wa maji wa zamani mchana, na pale kwenye nyasi zilizolala nikakuta vipande vya nyungunyungu. Vipande saba, vibichi! Karibu navyo, alama za miguu ya kiti cha kukunja.

Nilisimama hapo kama niliyepigwa kofi. Miaka tisa sijawahi kuona mtu wa chama akivua kwa chambo mto ukiwa umefungwa. Wageni ndiyo, watu wa kupita ndiyo. Lakini njia ya kwenda mlango wa maji ina geti, na ufunguo wa geti tunao wanachama tu, themanini na wawili. Kwa hiyo ni mmoja wetu. Nimekunywa naye bia. Huenda nimemshika mkono Krismasi.

Nilipofika nyumbani nilitaka kumwambia Avril, lakini alikuwa bafuni anajikausha. Alikuwa amekwenda kwa Lionel na akarudi ameloa chapachapa, ingawa alichukua mwavuli.

2 Aprili

Sijaiona sweta yangu ya rangi ya haradali, ile aliyonifumia marehemu mama. Nimemwuliza Avril. "Itakuwa mahali fulani," akasema.

9 Aprili

Mkutano mkuu wa chama, ukumbi wa kanisa. Nilikuwa nimeandika hoja yangu wiki nzima na nikaisoma nimesimama: mwanachama yeyote atakayekutwa na chambo kwenye mshipi wakati mto umefungwa, afukuzwe maisha. Bila onyo, bila faini, bila rufaa. Jina lake libandikwe ubaoni dirishani pa duka la vifaa vya uvuvi.

Mwenyekiti wetu, Gerald Rodway, alikohoa. "Maisha, Trevor? Mtu amesahau funza wawili kwenye kopo lake, maisha?"

"Maisha," nikasema.

"Haya. Nani anaunga mkono hoja?"

Watu arobaini wanaangalia viatu vyao. Tarrant fundi bomba akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho sote tulijua hakimo. Mimi nimesimama, masikio yanawaka, na nikafikiria kuketi na kurudi nyumbani na kutotoka tena hadi nife.

Ndipo Lionel, kwenye kiti cha nyuma, akainua mkono wa kushoto huku akiushikilia kwa wa kulia, kama anainua bendera. Nikadhani ni mbwembwe zake. "Naunga mkono," akasema. "Mtu akitaka kufukuza, afukuze sawasawa."

Ikapita, kwa kura tatu zaidi. Nilimnunulia Lionel bia mbili. Ya pili aliimwaga mezani, tukacheka.

17 Aprili

Jua. Hakuna lolote. Anayevunja sheria haji siku za jua, nimeanza kumjua.

24 Aprili

Mvua jana, maji ya matope leo. Tena pale pale: nyasi zimelala, kiti kimekaa, kipande cha nyungunyungu.

Nilipotoka getini gari la Tarrant lilikuwa limeegeshwa kando ya njia, milango ya nyuma wazi, na ndani boksi lenye udongo unaotembea. Nyungunyungu kilo nzima! Damu ikanipanda. Nilimwita mwizi mbele ya mke wake na mbele ya mchungaji wa kanisa aliyekuwa anapita na mbwa.

Tarrant hata hakukasirika mwanzoni, alishangaa tu. "Trevor, hawa ni wa bustani. Nimewanunua. Wa kulainisha udongo wa vitunguu."

"Karibu na mto?"

"Bustani yangu *iko* karibu na mto, mpumbavu wewe. Umenipelekea barua humo miaka ishirini!"

Ni kweli. Nilikuwa mtu wa posta, na bustani ile nimeipita mara elfu sita. Vitunguu vilikuwepo. Nimemwomba msamaha, akaukubali kwa namna ambayo ni afadhali angeukataa.

Avril amerudi kutoka kwa kaka yake ameloa tena. Nikamwuliza mwavuli una kazi gani. Akasema mwavuli umezeeka, na watu wote tunazeeka.

1 Mei

Sweta bado. Nimetafuta hadi kwenye dari.

6 Mei

Leo sijui niandikeje. Baada ya mvua ya jana nimeokota, kimenasa kwenye matete, kitu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu ya kuvua: fundo la uzi mzito, kubwa kama ngumi ya mtoto, na nyungunyungu wametungwa uzini kama shanga, mmoja baada ya mwingine, kumi na wanne, kisha uzi ukazungushwa na kufungwa. Nililichambua lote kwa koleo nikitafuta ndoano. Hakuna ndoano! Hata moja!

Nani anavua bila ndoano? Nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki nikaliweka ndani ya friji. Avril alifungua friji saa ya chai, akalitazama muda mrefu, akafunga friji. Mwanamke ambaye kwa miaka thelathini na nane amenipigia kelele kwa kopo moja la funza karibu na siagi, hakusema neno. Nikadhani amenihurumia.

13 Mei

Lionel hakuja baa. Mafua, anasema Avril.

20 Mei

Leo jioni ilikuwa kamati, na Rodway alitaka kuona ushahidi. Nikaona nilisafishe kidogo lile fundo, lisinuke. Nikaliweka chini ya bomba, nikatoa wale nyungunyungu waliooza, nikatia sabuni, nikasugua. Matope yakatoka, maji meusi, kisha ya kijivu, kisha masafi. Uzi mkononi mwangu ulikuwa wa rangi ya haradali.

Nilikaa kwenye sakafu ya jikoni.

Rangi ile hakuna duka linaloiuza. Mama aliipika mwenyewe kwa maganda ya vitunguu, kwenye sufuria ambayo baadaye baba aliitupa. Ni sweta yangu. Mtu ameifumua sweta yangu akatungia nyungunyungu, na sweta yangu ilikuwa kwenye kabati langu, chumba ninacholala na mke wangu.

Sikwenda kwenye kamati. Nimesema ninaumwa, na sikudanganya.

21 Mei

Namwangalia akipaka siagi kwenye mkate. Mikono ile ile.

26 Mei

Jua siku ya sita. Kila asubuhi nafungua redio kusikiliza hali ya hewa. Zamani nilikuwa naogopa mvua kwa sababu ya mto, sasa naogopa kwa sababu ya nyumba yangu. Avril naye anasikiliza. Tunakunywa chai, wote wawili tunasikiliza habari za mawingu.

Nimewaza kila jambo. Nimewaza mambo ya aibu ambayo sitayaandika hata hapa. Ana umri wa miaka sitini na minne! Nani huyo wa kukaa naye kwenye matope? Kisha najiambia: alisema anakwenda kwa Lionel. Basi Lionel anamfichia siri. Nimemchukia Lionel siku tatu nzima.

3 Juni

Mvua ilianza jana saa tisa mchana na leo asubuhi bado ilikuwa inanyesha. Avril alisema, "Nakwenda kwa Lionel," akachukua mwavuli. Nikahesabu dakika kumi, nikavaa beji.

Nilipita kwa juu, nyuma ya mierebi, nikatambaa kwenye tope na goti langu bovu. Kwanza nikauona mwavuli. Ulikuwa umepinduliwa, unaelea juu ya maji kama bakuli, umefungwa kwa kamba kwenye mzizi. Mke wangu amepiga magoti pembeni yake, nywele zimemshika usoni. Na kwenye kiti cha kukunja, amefunikwa koti la mvua hadi kidevuni, amekaa Lionel, na mwanzi wa kupandishia maharage mikononi mwake, na kwenye ncha ya mwanzi uzi, na uzi umezama majini.

Uzi ukatikisika. "Polepole, kaka," Avril akasema. "Polepole. Haya, sasa!" Akamsaidia kuinua, wote wawili wakauleta mwanzi juu ya mwavuli, na samaki mkunga mmoja, mrefu kama mkanda wa suruali, akaning'inia kwa meno kwenye lile fundo la sufu, akajitikisa, akaangukia ndani ya mwavuli pwaa! Wakacheka. Sijawahi kumsikia mke wangu akicheka hivyo. Wakamtazama yule mkunga akizungukazunguka, kisha Avril akainamisha mwavuli, akamwachia aende zake.

Nami nikatoka kwenye mierebi. Namwomba Mungu anisamehe, nilitoka na sauti yangu ya ulinzi. "Simameni hapo hapo! Leseni!"

Nilimdai mke wangu leseni.

Avril alinyanyuka, tope hadi kiunoni. "Trevor Hembrow," akasema, "ukisema hilo neno mara ya pili nitakutia ndani ya huu mwavuli."

"Uliniambia unakwenda kwa Lionel!"

"Nimekuja kwa Lionel. Huyu hapa. Hukuniuliza hata siku moja Lionel yuko wapi."

"Na sweta yangu?"

"Lazima iwe sufu safi. Ya dukani siku hizi ni plastiki, meno ya mkunga hayashiki. Baba alitufundisha hapa hapa, mimi nina miaka sita, Lionel kumi na miwili. Mimi natunga, yeye anashika mwanzi. Kwenu huko mlikotoka hamjui."

Nikamgeukia Lionel. "Wewe! Wewe uliunga mkono! Ulinyanyua mkono mbele ya watu wote, na tayari ulikuwa unakuja hapa!"

"Tangu Machi," akasema, bila aibu yoyote.

"Kwa nini uliniunga mkono basi?"

"Ulikuwa umesimama pale peke yako kama mtu aliyesahau suruali, Trev. Kimya kizima kile. Ningekuacha?"

Nikatoa daftari la chama mfukoni.

"Andika basi," akasema. "Chedzoy, Lionel, mwanachama namba nne. Chambo, nyungunyungu. Ndoano, hakuna. Uandike vizuri hilo la ndoano."

"Ungeenda bwawani! Mabwawa yapo wazi mwaka mzima! Au ungengoja, shemeji, ni wiki mbili tu, tarehe kumi na sita ni wiki mbili!"

Hapo Avril akageuka akatazama maji. Lionel akaniambia, "Hebu njoo unishike mkono."

Nikamshika. Nilidhani anataka kupatana. Nikangoja aukaze, haukukaza. Vidole vyake vilikaa ndani ya vyangu tu, baridi, vyepesi, na usoni alikuwa anajitahidi kwa nguvu zote, mshipa umemtoka shingoni.

"Hiyo ndiyo nguvu yote," akasema. "Ugonjwa una jina refu. Neva zinaacha kusema na misuli. Januari nilikuwa nafunga vifungo vya shati. Machi nilikuwa nashika mwanzi mwenyewe. Inzi bandia siwezi kumfunga wala kumrusha. Sasa hesabu mwenyewe hadi kumi na sita, kisha unipe jibu, maana daktari hanipi."

Kibao kilichomponyoka mara mbili. Bia. Mkono alioushikilia kwa mkono. Nimeviandika vyote mimi mwenyewe, kwa kalamu yangu, na sikuviona.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Dada yangu. Na sasa mlinzi wa mto."

Nimerudi peke yangu. Daftari la chama liko mezani. Nimeandika tarehe tu.

4 Juni

Avril hakuomba chochote. Ameniwekea chai na kutoka. Laiti angenipigia kelele.

8 Juni

Miaka hamsini na saba Lionel yuko kwenye chama hiki. Alipewa kadi na baba yake akiwa na miaka kumi na mitatu. Nikiandika jina lake, tarehe kumi na sita atakuwa dirishani pa duka na si mtoni. Nisipoandika, mimi nami ni mvunja sheria, kama yule niliyekuwa namtafuta nilipomwita Tarrant mwizi. Maisha, nilisema. Bila rufaa. Nani aliniroga?

12 Juni

Mvua. Tumekwenda wote watatu. Sijui hata nilivaaje viatu. Nilivaa beji pia, kwa mazoea.

Lionel alishika mwanzi kidogo tu kisha ukamtoka. Haukuanguka kwa kishindo, ulimteleza kama kitu kisicho chake, ukaanza kuchukuliwa na maji pamoja na fundo lake. Alitazama tu. Uso ule sitaki kuuona tena. Nikaingia mtoni na viatu, maji yakanifika mapajani, nikaudaka.

Na hapo, nimesimama katikati ya Mto Wenlow na beji kifuani, siku nne kabla mto haujafunguliwa, mkunga akauma. Nilimsikia akitafuna hadi kwenye kiwiko changu. Ningeweza kuutupa mwanzi. Sikuutupa. Nilirudi nao ukingoni, nikamwekea Lionel mikononi, nikafunika mikono yake kwa yangu, nikasema, "Msikie. Msikie huyo." Akamsikia. Tukamwinua pamoja, akaanguka kwenye mwavuli, Avril akalia na kucheka kwa pamoja.

Jioni nimefungua daftari la chama na kuandika mstari mmoja.

15 Juni

Kamati. Nilimwomba Avril amzuie Lionel nyumbani, akamzuia kwa supu.

Rodway alivaa miwani akasoma kwa sauti, kama kila mwaka: "Tarehe 12 Juni, mlango wa maji wa zamani. Amekutwa na chambo kwenye mshipi, nyungunyungu, bila ndoano: Hembrow, Trevor, mlinzi wa mto." Akasoma tena, kimyakimya. "Huu ni mzaha?"

"Hapana."

"Nani alikukuta?"

"Mimi. Nilikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Tarrant, naye mjumbe wa kamati, alinitazama kwa mdomo wazi, na nilidhani atafurahi, anayo haki ya kufurahi, lakini akasema taratibu, "Trevor, una shida gani? Sema, tutasikiliza."

"Hakuna rufaa," nikasema. "Isomeni wenyewe."

Rodway alitaka kuniuliza kitu kingine. Niliona swali likimfika mdomoni, akanitazama usoni, akalimeza. Sikuandika uongo. Sikuulizwa nilikuwa na nani.

Nimetoa beji, ufunguo wa geti na kadi. Tangazo limebandikwa saa kumi na moja jioni. Nimelipita mara mbili, nikiona jina langu mwenyewe nashtuka kama ni la mtu aliyekufa.

16 Juni

Asubuhi. Avril alimpeleka Lionel mtoni kwa kiti cha magurudumu. Ufunguo wake bado anao, na kadi yake, namba nne. Mimi nilikwenda kwa njia ya wapita njia, ng'ambo ya ua, ambayo ni ya kila mtu, nikakaa kwenye jiwe hatua nne kutoka kwao. Nimekatazwa kugusa hata mwanzi.

Lionel alikuwa amepita dukani akasoma tangazo. Hakunisalimu. "Mjinga wewe," akasema, akitazama maji. "Mjinga mkubwa wa mji mzima." Kisha akafuta macho kwa bega, kwa kuwa mikono hainyanyuki tena.

"Atavua vipi?" nikamwuliza Avril kwa mnong'ono.

Akatoa kitu kwenye kikapu. Mkono mmoja wa sweta, wa mwisho uliobaki. Akaufumua pale pale, akauweka mpini wa fimbo ya kuvulia juu ya mkono wa kaka yake, akazungusha uzi, akazungusha, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, mpaka mkono na fimbo vikawa kitu kimoja cha rangi ya haradali. Akafunga fundo kwa meno. Kisha akamtia nyungunyungu kwenye ndoano, akautupa mshipi.

Hatukukaa sana. Boya likazama bila hata kutikisika, na fimbo ikapinda, na mkono wa Lionel ukavutwa naye akavutwa nao, kiti kikalia. Nilikuwa nimeshasimama. Nikakaa tena. Nikaikalia mikono yangu.

"Mshike, kaka!" Avril akapiga kelele, ameshika magurudumu.

"Sishiki mimi!" Lionel akajibu, anacheka hadi kukohoa. "Sweta ya Trev ndiyo inashika!"

Rodway akatokea njiani na mbwa wake, akatutazama wote watatu, akautazama ule uzi. Halafu akauliza, kama inavyopasa mwenyekiti, "Chambo gani hicho, Lionel?"

"Nyungunyungu," akasema Lionel.

"Vizuri," akasema Rodway. "Leo ni halali." Akavua kofia, kwangu mimi nadhani, akaendelea na mbwa wake.